Magunia ya Mke wa Kwanza

Kila siku ya Mungu, Fundi Barafu aliporudi kutoka karakana kwa chakula cha mchana, aliupita mlango wa nyumba yake kama mtu apitaye mlango wa jirani, akazunguka kando ya ukuta hadi uani. Huko uani kilisimama kizimba cha ndege, kipana kama chumba cha kulala, cha mbao na wavu wa waya, na ndani yake waliishi tetere, chiriku, na kasuku wadogo wa kijani wasiokwisha maneno. Salamu yake ya kwanza ilikuwa yao, na barafu yake ya kwanza ilikuwa yao pia. Mkewe, aliyeketi nyuma ya cherehani katika chumba cha mbele, alizisikia hatua zile zikimkaribia, zikampita, zikafifia. Na mguu wake ukakikanyaga kikanyagio kwa nguvu kuliko kitambaa kilivyohitaji.

Lakabu ya mume ilitokana na kazi yake. Alitengeneza majokofu, mashine za barafu na vyumba vya baridi vya wenye bucha, na hapakuwa na mtu mjini aliyeijua baridi kama yeye. Mke naye wateja walimwita Bi Sindano, kwa ajili ya mshono wake ulionyooka kama mstari wa hati. Ndoa yao ilikuwa bado changa, ingawa wao wenyewe hawakuwa vijana. Bi Sindano aliikuta nyumba ile ya mke aliyetangulia imejaa: vyombo kabatini, misumari ukutani, ndege uani, na kila kitu, alipouliza habari zake, kilielezwa kwa neno moja tu: marehemu.

Msimu ule joto lilikuwa halisemeki. Lami ililainika barabarani, mbwa walilala ndani ya mitaro mikavu, na waliotoka kusali adhuhuri walirudi makwao wamejibanza ukutani, wakiufuata uzi mwembamba wa kivuli. Chumba cha Bi Sindano hakikuwa na dari. Juu yake palikuwa na bati tupu, na dirisha lake lilitazama upande linakoangukia jua. Feni iliyokuwa ikimpepea ilihamia uani tangu joto lilipoanza kukaza. Mahali iliposimama palibaki alama ya duara sakafuni, safi kuliko sehemu nyingine, naye kila alipofagia aliuzungusha ufagio pembeni mwake, kama mtu afagiaye kando ya kaburi.

"Umerudi?" alimuuliza mumewe siku moja, akiwa amesimama kwenye mlango wa uani na futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Nimerudi, bibie. Ngoja kwanza niwamwagie hawa. Wanatweta."

"Na mimi?"

"Wewe una nini?"

"Natweta."

Fundi Barafu alicheka bila kugeuka. Alikuwa akiweka pande la barafu katikati ya sinia la maji ambamo ndege walioga. "Wewe una dirisha, mke wangu."

"Dirisha la kuingizia jua. Fundi wa baridi mji mzima, na mkewe anaokwa kama mkate."

"Ndege hatoki jasho. Mola hakumpa jasho. Wewe joto likikuzidi unatokwa jasho, linakupoza. Huyu ana mdomo tu wa kuhemea."

"Na mimi nina mdomo, tena nautumia. Tabu ni kwamba huu wangu hausikiwi."

Alicheka tena, kicheko cha mtu aliyefurahishwa na mzaha, wala hakujua kwamba hapakuwa na mzaha ndani yake. Kisha akachukua ndoo, akaanza kuyamwagia maji magunia.

Magunia hayo yalikuwa manne, ya mkonge, yameshonwa vipande kwa vipande, nayo yalining'inia kwenye kizimba upande wa jua. Yakiloweshwa asubuhi na mchana, upepo ulipita katikati ya nyuzi zake ukatokea ndani umepoa, na ndege walisogea wakajipanga mbele yake kama wateja mbele ya duka. "Haya kayashona marehemu," Fundi Barafu alimwambia mkewe siku ya kwanza alipomwonyesha ua. Hakuongeza neno. Lakini aliligusa gunia alipolisema hilo, na mkewe aliuona mkono ule ukiligusa.

Tangu siku hiyo Bi Sindano aliyachunguza magunia yale mara nyingi kuliko alivyopenda kukiri. Alikuwa mtu wa kazi hiyo, na jicho la mtu wa kazi halizuiliki. Mshono ulikuwa mbaya. Uzi umevutwa kwa nguvu hadi ukakata mkonge. Pengine umerudiwa mara mbili pasipo haja. Pengine umepinda kama njia ya mlevi. Mtu aliyeshona hivi, alisema moyoni, hakupata kuishika sindano kabla ya siku hiyo. Na hata hivyo yalikuwa yamestahimili jua na maji miaka yote ile, na kila mchana mume wake aliyatunza kama nguo za sala. Hilo ndilo lililomchoma. Angeshindwa na mshonaji bora asingeumia hivyo.

Na ndege nao walikuwa na upande. Akiingia yeye na bakuli la mtama, wote waliruka kwa kishindo wakajibanza kwenye pembe ya mbali, mbawa zikigonga waya. Akiingia mumewe, walishuka.

•

Binti wa marehemu alikuwa muuguzi, ameolewa mtaa wa pili, na katika siku zake za mapumziko alileta matango na mboga za majani kwa ajili ya kizimba. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye adabu, na pengine ingekuwa nafuu kama asingekuwa na adabu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekwisha wakatia matango, yako pale kwenye sahani."

Binti alikitazama kipande kimoja, akakigeuza. "Ahsante, mama mdogo. Ila mama alikuwa akiyakata membamba zaidi. Vinene hivi vinawahi kuchacha kwenye joto." Akachukua kisu, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuvipasua vipande vile upya, taratibu, kimoja baada ya kimoja, mbele ya macho ya aliyevikata.

Kisha aliingia kizimbani, na tetere mmoja jike, mkubwa wa umri kuliko wote, mwenye manyoya yaliyopauka shingoni, akaruka akatua begani pake. Tetere huyo Binti alimpa jina tangu alipokuwa msichana: Bi Mkubwa.

"Bi Mkubwa hajambo?" Binti alimuuliza ndege, akimsogezea shavu. "Bi Mkubwa amekula? Bi Mkubwa anatunzwa vizuri?"

Bi Sindano alirudi ndani. Alikaa kwenye cherehani lakini hakukanyaga. Mke wa kwanza huitwa bi mkubwa, na yeye, aliyeolewa baada ya mazishi, alikuwa amejiaminisha kwamba ameingia nyumba isiyo na mke mwenza. Sasa alimsikia huyo mke mwenza akibembelezwa uani, akiulizwa kama ametunzwa vizuri. Na mtunzaji wake ni nani, kama si yeye?

Ndipo likamjia wazo, nalo lilimjia kwa sura ya wema, kama mawazo ya aina hiyo yajavyo. Alikuwa amelipwa ujira wa sare za shule. Alinunua turubai zuri la buluu, zito, lisilopitisha tone, akalishona kwa siri pindi mumewe alipokuwa kazini. Alilipima kwa kizimba chenyewe kama apimavyo bibi harusi. Aliweka pindo maradufu, akatia vijicho vya chuma vya kupitishia kamba, akalikata kila upande likae sawasawa, pasipo kukunjamana wala kupwaya. Katika maisha yake yote ya kazi hakupata kushona kitu kwa uangalifu kama ule. Alitaka siku moja mume wake arudi uani, aone kivuli kamili badala ya matambara, aulize ni kazi ya nani, na jibu lisiwe marehemu.

•

Siku hiyo ilikuja kwa sababu ya nyama. Chumba cha baridi cha mwenye bucha mkubwa wa soko kilizimika, na mapema, hata chai haijachemka, mtu alitumwa kumwita Fundi Barafu. Kazi ya namna hiyo humla fundi kutwa nzima.

"Sitarudi mchana," alisema akifunga mkoba wa spana. "Ndege ni juu yako leo, mke wangu. Yaloweshe magunia sasa, na jua likifika kichwani yaloweshe tena. Badilisha maji ya sinia. Barafu iko kwenye jokofu."

"Nimesikia."

"Usiache yakauke. Marehemu alikuwa akiyamwagia hata kabla sijafika."

Hapo ndipo masikio ya Bi Sindano yalipoziba. Fundi Barafu aliendelea kusema. Alisema magunia yasivutwe hadi chini, alisema siku za namna hii kivuli peke yake hakitoshi, alisema upepo uachiwe nafasi juu na chini, kwa kuwa kukosa hewa humuua ndege kabla ya jua kumfikia. Alisema yote hayo akiwa ameinama kutafuta kiatu, na maneno yakapita juu ya kichwa cha mkewe kama moshi. Yeye alikuwa amebaki nyuma, kwenye lile neno moja, ameganda hapo.

"Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Nenda, watu wanakusubiri. Nyama haisubiri."

Mumewe alipotokomea, aliyafungua magunia. Yalimwacha na vumbi mikononi na harufu ya mkonge mkongwe. Aliyakunja, akayapeleka ng'ambo ya barabara kwa Muuza Mkaa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupasua mawe, aliyekuwa akipanga makopo yake kibarazani.

"Jirani, unahitaji magunia?"

"Ya nini hayo? Si ya ndege wa mumeo?"

"Ni matakataka tu. Ndege wamepata nguo mpya."

"Ehee!" Muuza Mkaa aliyapokea, akayanusa, akayatupa kwenye lundo. "Hata ndege kwenu wanashonewa, na mimi gauni langu linakaa kwako tangu mfungo uishe!"

Bi Sindano alicheka, akarudi kulivisha turubai lake. Lilikaa. Lilikaa kama ngozi. Alilivuta pande zote, akalifunga kamba chini hadi udongoni na juu hadi kwenye paa la mbao, na hapakubaki hata upenyo wa kidole. Ndani kukawa na kiza laini cha buluu. Alilowesha turubai kwa nje, maji yakateleza yakaenda zake. Akainua ukingo, akaweka barafu, akabadilisha sinia, akaushusha, akairudisha feni chumbani kwake, kwani sasa haikuwa na kazi uani, akaiweka juu ya ile alama yake ya duara. Kisha akakaa kushona huku upepo ukimpiga usoni, na kwa muda wa asubuhi ile alikuwa mwanamke mwenye furaha.

•

Kilichomshtua si kelele. Ni ukimya. Kwa kawaida kasuku wadogo hawakunyamaza mchana kutwa, na chiriku walishindana nao. Sasa alisikia cherehani yake tu, na bati likilia kwa kutanuka. Kwanza alifurahi, alijiambia wamelala, wamepata kivuli cha maana. Alipindua nguo, akashona upande wa pili. Lakini mguu ulipunguza mwendo wenyewe.

Hapo Binti akaingia kwa mlango wa uani na kapu la matango.

"Hodi, mama mdogo. Kuna nini kimefunikwa huku?"

Kabla hajajibiwa, Binti alikuwa ameinua ukingo wa turubai na kutia mkono. Aliutoa kama aliyeutia kwenye tanuri.

"Mama mdogo! Hewa imekufa humu!"

Hawakufungua kamba. Bi Sindano alikimbilia mkasi wake mkubwa wa nguo, ule ambao hakumruhusu mtu kuugusa, akaliingia turubai. Alilikata kwenye pindo maradufu, kwenye vijicho vya chuma, kwenye kila mshono alioutolea jasho. Alilikata kutoka juu hadi chini, mkasi ukigoma, naye akiulazimisha, na joto lililokuwa ndani likamtokea usoni, zito na lenye unyevu wa barafu iliyoyeyuka.

Ndege walikuwa chini. Wengine wamesimama na mbawa zimetengana na mwili, midomo wazi, koo zikipigapiga. Wengine wamelala ubavu juu ya mchanga. Sinia lilikuwa na maji ya vuguvugu na nyoya moja likielea.

Bi Sindano alinyanyua ndoo ya maji ya barafu.

"Usiwamwagie!" Binti alimshika mkono. "Utawaua kwa mshtuko. Ni kama mgonjwa wa joto, hupozwa polepole. Ile chupa yako ya kunyunyizia nguo za pasi iko wapi?"

"Ndani."

"Ilete. Na feni."

Feni! Aliingia akaing'oa kwenye alama yake, waya ukimfuata kama mkia. Wakafanya kazi bila maneno, mmoja akinyunyiza manyunyu membamba kwenye miguu na chini ya mbawa, mwingine akiwanyanyua ndege mmojammoja na kuwaweka kwenye kivuli cha ukuta. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Bi Sindano aliwashika. Hawakuruka. Hawakuwa na nguvu ya kumkataa. Chiriku mmoja alikuwa mwepesi kiganjani kama kipande cha pamba, na moyo wake ulikwenda kasi kuliko cherehani. "Nisamehe," alimwambia, na hakujua kama anamwambia chiriku.

Mmoja baada ya mwingine walifunga midomo. Kasuku mdogo alitoa neno, kwa hasira, na mwingine akamjibu. Ila Bi Mkubwa hakuamka. Binti alimshika muda mrefu, akamnyunyizia, akampulizia, akamgeuza. Kisha akamlaza juu ya kitambaa na kuyalaza manyoya yake ya shingoni kwa kidole.

"Kizimba kinatakiwa kufunikwa upande wa jua," alisema mwishowe, akipangusa pua. "Na kitu chenye kupitisha upepo. Magunia yako wapi, mama mdogo?"

•

"Magunia?" Muuza Mkaa alijishika kiuno. "Si uliniambia matakataka?"

"Nilikosea, jirani. Nayahitaji."

"Nayahitaji, nayahitaji! Asubuhi ndege wamevaa suti, mchana wanataka matambara. Mbona nyumba yenu haina msimamo?" Wateja wawili waliokuwa wakichagua mkaa waligeuka kusikiliza, nao hawakuona aibu kugeuka. "Hebu niambie, kumetokea nini? Wameikataa?"

"Mmoja amekufa."

Ulimi wa Muuza Mkaa haukuzoea kupumzika. "Basi mumeo akirudi, wewe lala kwangu," alisema, na wateja wakacheka. Alielekeza kidole. Magunia matatu yalikuwa yameshajazwa mkaa. La nne alilikalia. "Nitaumwaga mkaa wangu kwa kuwa ni wewe. Lakini gauni langu leo. Sitaki kusikia kesho."

"Leo."

"Na usinitoze."

"Sikutozi."

Aliyabeba magunia kichwani akavuka barabara, vumbi jeusi likimshukia machoni, akijua kwamba hadi jua kuzama mtaa mzima utakuwa umeshapata habari. Mawili yalikuwa yamepasuka kwa uzito wa mkaa. Alikaa kwenye kizingiti cha uani na shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, akaanza kuyaunga.

Mkonge haukuwa kitambaa. Uzi uliteleza, shazia ilikwama, vidole viliuma. Alijikuta akivuta kwa nguvu, kwa hasira, akiurudia mshono mara mbili pasipo haja, na alipouinua kuutazama aliona kwamba mshono wake umepinda. Ulikuwa sawa na ule wa kando yake. Huwezi kutofautisha ni upi wa nani. Na kwenye pindo la gunia la mwisho kidole chake kiligusa kitu kigumu. Alilipasua pindo: ncha ya shazia, imevunjikia mle ndani, imeshika kutu.

"Mama mdogo," Binti alisema nyuma yake. Alikuwa amemaliza kuwarudisha ndege kizimbani. "Lile turubai nimelikunja, liko chini ya kitanda chako. Bi Mkubwa alikuwa mzee. Baba nitamwambia ni jua. Jua la leo limeua hata kuku wa watu."

Bi Sindano alimtazama. Hakutegemea wema upande huo. Ulikuwa mwepesi kuupokea; haukudai kitu; na mtoto wa marehemu mwenyewe ndiye aliyeunyoosha. Tena kama ukweli ungejulikana, angekuwa nani katika nyumba ile? Mke wa pili aliyemuua Bi Mkubwa.

"Nenda kwa watoto wako, mwanangu," alisema. "Mungu akulipe. Nitaona."

•

Fundi Barafu alirudi alasiri imekwisha, ananuka gesi ya jokofu na nyama. Aliupita mlango. Akafika uani. Mkewe alisimama kando ya kizimba na ndoo tupu, na magunia yalikuwa yakidondosha maji meusi.

"Mbona magunia yamekuwa meusi?"

Ulimi wa Bi Sindano ulikuwa na jibu tayari, lililokwisha kushonwa. Ni vumbi la jirani. Ni upepo. Lakini jicho la mumewe lilikuwa limeshafika kwenye kitambaa kilicholala ukutani, na umbo lililokuwa chini yake.

"Bi Mkubwa?"

"Ndiyo."

"Joto?"

Bi Sindano aliingia ndani, akainama chini ya kitanda, akatoka na turubai lake lililochanwachanwa, akalitupa miguuni pa mumewe.

"Mimi," alisema. "Niliyatoa magunia nikampa Muuza Mkaa. Nikawafunika kwa hili. Nililishona mwenyewe. Sikuacha upenyo."

"Si nilikuambia..."

"Uliniambia. Sikusikia. Ulipomtaja marehemu sikusikia tena."

Fundi Barafu aliliokota turubai, akalipitisha vidoleni, akaona pindo, akaona vijicho vya chuma. Mtu wa kazi huijua kazi. Uso wake ulikuwa mgumu kama barafu aliyoizoea.

"Kwa nini?"

"Kwa wivu!" Neno lilimtoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, na kasuku wote wakanyamaza. "Unamwonea mtu wivu akiwa hai unagombana naye, mkasutana, yakaisha. Mimi nagombana na nani? Kila kitu hapa ni chake. Wewe unapita mlangoni pangu unakwenda kwake. Unaigusa kazi yake. Ya kwangu uliigusa lini? Alikuwa akiwapenda hawa ndege, alikuwa akiwakatia matango membamba, alikuwa akiyamwagia magunia kabla hujafika. Basi! Mimi siwezi kuwa yeye."

Mumewe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mikono ilining'inia magotini, na alipofungua kinywa sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa na kitu kisichotarajiwa.

"Nani kakuambia aliwapenda?"

"Binti."

"Binti alikuwa mtoto." Alitikisa kichwa. "Mungu amrehemu yule mwanamke, aliwachukia ndege hawa kama deni. Alisema nimeoa kizimba. Yale magunia aliyashona siku tuliyogombana, kwa kuwa nilishinda uani nikiwapepea kwa ubao, chakula kikapoa. Alikaa pale pale kwenye kizingiti, analia na kushona, anashona na kunitukana. Alivunja shazia."

Bi Sindano aliifungua ngumi yake. Ncha yenye kutu ilikuwa bado kiganjani.

Mumewe aliitazama. Kisha akaendelea, polepole, kama anayejisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza. "Aliyamwagia maji kabla sijafika ili nisiwe na sababu ya kubaki uani. Matango aliyakata vivyo hivyo, ili nisiwe na la kufanya. Apate mume wake ameingia ndani."

"Na uliingia?"

Fundi Barafu aligeuka kukitazama kizimba. Upande wa pili wa magunia tetere mmoja aliguna.

"Hukuingia," mkewe alisema.

"Nilipokuwa nikiligusa gunia," alisema mumewe, "nilikuwa nakumbuka hilo."

Walimzika Bi Mkubwa chini ya ukuta, mume akichimba kwa mwiko wa kujengea, mkewe akimshikia kitambaa. Hakumwambia amemsamehe, wala hakumkaripia. Alipomaliza alinawa, akasimama mbele ya kizimba kwa mazoea, akanyoosha mkono kwenye magunia. Mkewe alimtangulia. Alilifungua la mwisho, lile lenye pindo lililopasuliwa.

"Hili halirudi hapa," alisema.

"Jua la jioni litawapata upande huu."

"Ukate turubai, uwatilie kipande juu, juu tu, kama kofia, na chini uache wazi. Fundi ni wewe. Hili ni langu. Nimeachiwa na mwenzangu."

Alilichovya ndani ya ndoo, akalibeba likidondosha maji sakafuni mwa nyumba nzima, akalitundika kwenye dirisha la chumba chake, kwenye misumari iliyokuwapo tangu zamani na ambayo hakupata kujua ilipigiliwa kwa ajili ya nini. Gauni la Muuza Mkaa lilikuwa likimsubiri. Akakaa. Upepo wa jioni ulipita katikati ya mkonge, ukamfikia umepoa, una harufu ya mkaa.

Sauti ya mumewe ilitoka uani, akiwasemesha kasuku. Bado alikuwa huko. Bi Sindano alisikiliza kidogo, akauma uzi.

"Na kesho," alipaza sauti, "ukirudi na ndoo, unaanzia dirishani!"

Uani mazungumzo na kasuku yalikatika. Kisha zikasikika hatua, na mara hii hazikuzunguka ukuta.